Kopo la sarafu la bibi: zipi ni silva na zina thamani gani kweli

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Moshi, huku Kiboriloni. Bibi yetu alifariki mwezi wa pili kule Old Moshi, na tulipokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta kopo la Kimbo limefungwa kitambaa, ndani kuna sarafu 22 za zamani, nyingine nyeusi kabisa. Sonara mmoja mjini ameziweka zote kwenye mizani kwa pamoja akasema atanipa elfu 80. Halafu kuna kaka mmoja yuko Arusha, nimeunganishwa naye na shemeji, anasema moja ya zile za Mjerumani ni milioni 40 ila kwanza nimtumie laki tatu za vipimo. Kaka yangu ameshaisugua moja kwa jivu ing'ae tupige picha. Nimekutumia picha zote pande mbili. Sijui nimwamini nani."

JIBU:

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuondokewa na bibi. Picha nimeziangalia zote 44, moja moja, jana usiku na leo asubuhi tena kwenye mwanga mzuri. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu maswali ya aina hii yanakuja kila wiki na watu wanaumia.

Kwanza kabisa laki tatu usitume. Hata elfu kumi usitume. Hakuna mnunuzi wa kweli wa sarafu anayeomba muuzaji alipie vipimo kabla, mnunuzi anakuja na mizani yake na lenzi yake, anaangalia, anataja bei, mnakubaliana au mnaachana. Huyo kaka atakula hiyo laki tatu, halafu atasema vipimo vimeonyesha "nguvu" ipo ila inahitajika dawa ya laki tano, na utaendelea hivyo hivyo mpaka uuze mbuzi. Hizi habari za rupia inayovuta mchele, sijui inazima tochi, sijui ndani ina zebaki, nimezisikia miaka yote niliyofanya kazi hii na rupia nilizoshika ni mamia, hakuna hata moja iliyovuta punje. Silva haivuti kitu chochote, hata sumaku haiishiki. Nina mzee mmoja namfahamu wa upande wa Machame aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya "vipimo" vya rupia ambayo ukienda kuiuza kihalali haifikii hata bei ya mguu wa ng'ombe mmoja, na mpaka leo nikimkumbuka naumia.

La pili mwambie kaka yako aache kusugua. Namwelewa nia yake ni nzuri, ila ule weusi sio uchafu, ni silva yenyewe imeshikana na salfa ya hewani na ya moshi wa jikoni miaka na miaka, na mkusanyaji wa sarafu akiuona anafurahi maana ni ushahidi kwamba sarafu haijaguswa. Jivu, dawa ya meno, limao, stilwaya, vyote vinakwangua uso wa sarafu, na ikishakwanguliwa hairudi tena. Kama kuna udongo umeganda iloweke kwenye maji safi ya kawaida usiku kucha, itoe, iweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe, usifute. Basi, hapo ndio mwisho wa kusafisha.

Sasa tuje kwenye kopo lenyewe. Nimezigawa kwenye mafungu na nakuomba na wewe uzigawe hivyo hivyo mezani, kwa sababu kosa la yule sonara lilianzia hapo, kuzipima zote kwa pamoja kama misumari. Humo ndani kuna silva nzito, kuna silva nyepesi sana, na kuna ambazo hazina silva kabisa, huwezi kuzitia bei moja.

Fungu la kwanza ni rupia, ziko tano. Mbili zina mtu amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu na mustachi umepinda, huyo ni Kaisari Wilhelm wa pili, na ukigeuza unaona ngao yenye simba na mti wa jamii ya mnazi na maneno Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Hiyo Gesellschaft ndio kampuni, yaani hizi zilitolewa kwa jina la kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki na sio serikali, zilianza 1890 zikaishia 1902. Yako moja nasoma 1890 na nyingine 1892. Halafu una mbili nyingine zina Kaisari huyo huyo ila nyuma hakuna ngao, kuna thamani imezungukwa na matawi na maneno Deutsch Ostafrika, hizo ni za serikali, zilitoka kati ya 1904 na 1914, na ukiangalia vizuri upande huo kuna kaherufi kadogo, A maana yake imepigwa Berlin na J ni Hamburg. Andika mwaka na hiyo herufi kwa kila moja kwa sababu bei inabadilika kwa herufi moja tu. Ya tano ni rupia ya India yenye malkia Victoria. Usishangae imefikaje Old Moshi, rupia ya India ndio ilikuwa pesa ya biashara pwani yote, ikafika mpaka huku bara, kabla Mjerumani hajaleta ya kwake, na Mjerumani akaipiga ya kwake kwa uzito ule ule na silva ile ile ili watu waikubali. Kwa hiyo zote tano ni gramu 11.66 zikiwa mpya na silva ni asilimia 91.7.

Moja ya zile za kampuni, ya 1892, ina tundu juu ya kichwa. Ilivaliwa shingoni, wazee wetu walifanya sana hivyo na kwa familia tundu hilo lina historia yake, ila kwa mkusanyaji hiyo imeshatoka kwenye mashindano, inabaki na bei ya silva na kidogo juu yake. Ile ya 1890 ndio sarafu bora kwenye kopo lenu lote, na nashukuru Mungu kaka yako alisugua ile ya Victoria na sio hii.

Lile jisarafu kubwa lenye mama mnene na tarehe 1780 ni riale ya Maria Theresa. Najua ukiona 1780 moyo unaruka. Tulia. Maria Theresa alikuwa mtawala wa Austria, alifariki huo mwaka 1780, na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sarafu yake kiasi kwamba walikataa nyingine, basi ikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo, Vienna, baadaye hata London, Rome, Paris, Bombay, na Vienna wanaendelea kuipiga. Kwa hiyo tarehe haikuambii umri. Yako ni ya kweli kwa ninavyoona, maana ukingoni umenionyesha maandishi yamekaa vizuri, za feki za kumwaga kwenye kalibu huwa ukingo umefutika au una mstari wa kiungio unauzunguka. Uzito wake ni gramu 28.07 na silva asilimia 83.3. Thamani yake zaidi ni ya silva iliyomo, na hapo sio kidogo.

Fungu la shilingi za simba ndio kubwa, ziko tisa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea wakidhani zote ni silva kwa sababu zinafanana. Shilingi ya Afrika Mashariki ya Mwingereza ilianza 1921, simba amesimama na milima nyuma yake. Za mfalme George wa tano na za George wa sita mpaka 1946 zina silva, ila robo tu, asilimia 25, kilichobaki ni mchanganyiko wa madini mengine. Kuanzia 1948 silva hakuna, ni shaba na nikeli. Njia rahisi kama mwaka umefutika: angalia maneno yanayozunguka upande wa mfalme, ukiona IND:IMP: ina silva, maana yake mfalme huyo alijiita pia mtawala wa India, na India ilipopata uhuru 1947 wakaondoa hayo maneno. Kwenye shilingi hiyo alama haijawahi kunidanganya. Kwako saba zina silva na mbili, ya 1948 na ya 1952, hazina.

Kuna thumuni moja ya 1913 imeandikwa East Africa & Uganda Protectorates, hiyo ni ndogo lakini ina silva asilimia 80, gramu 5.83. Na ile yenye neno florin ya 1920 ni asilimia 50, gramu 11.66. Florin ilikaa muda mfupi sana kabla ya shilingi kuja. Unaona jinsi walivyokuwa wanashusha? Kutoka 80 kwenye thumuni ya 1913, ikaja 50, mpaka 25 ndani ya miaka michache, kwa sababu kufikia mwisho wa vita ya kwanza silva ilikuwa imepanda mno duniani na kupiga pesa kwa silva nzito ikawa hasara.

Zilizobaki nitapita haraka. Zile nne zenye tundu la kiwandani katikati ni heller za Mjerumani, hazina silva, ziko nyingi mtaani, ila msizitupe, ndizo zilizotupa neno hela tunalolitumia kila siku. Na ile ya shilingi 10 ya Mwalimu Nyerere ya 1987 haina silva, hata kama inang'aa kuliko zote. Mkumbuke bibi kwa hizo.

Hesabu sasa. Chukua karatasi. Uzito wa sarafu zidisha kwa kiwango cha silva unapata gramu za silva safi, hizo ndizo unazidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Bei ya dunia inatajwa kwa aunsi, na aunsi ya madini ni gramu 31.1, sio 28 kama ya jikoni, wengi wanapunjwa hapo hapo. Ingia kwenye simu tafuta bei ya silva kwa aunsi leo, gawanya kwa 31.1, badilisha kuwa shilingi kwa kiwango cha benki.

Rupia moja 11.66 mara 0.917 ni gramu 10.69, tano ni 53.45. Riale 23.39. Florin 5.83. Thumuni 4.66. Shilingi moja ya simba ina uzito wa 7.78, robo yake ni 1.94, saba ni kama 13.6. Jumla inakuja karibu 101, na kwa kuwa zimelika kwa kutumika tuseme 98. Kwa mfano tu, narudia kwa mfano, gramu ikiwa shilingi 2,500, hapo una kama laki mbili na elfu 45 ya silva peke yake, hata bila kuangalia kama kuna mtu anaipenda sarafu. Ukiweka bei halisi ya siku unayouza utapata namba yako. Sasa linganisha na elfu 80. Sitaki kumlaumu sonara moja kwa moja, yeye anayeyusha, anapoteza kidogo kwenye kusafisha, na zile shilingi za robo masonara wengi hawazitaki kabisa maana kazi ya kutenganisha silva ni kubwa kuliko faida, kwa hiyo hawezi kukupa bei ya dunia kamili. Ila kati ya kukata kidogo na kukupa theluthi kuna tofauti kubwa.

Kabla hujauza chochote zipime mwenyewe. Nunua au azima mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, wanazo wauza vito na wauza viungo, sio ghali. Rupia iliyotumika sana itasoma 11.4 au hata 11.2, hiyo ni kawaida, ikisoma 9 au 10 na haijalika anza kushtuka. Halafu kuna kipimo cha maji ambacho nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakiharibu kitu. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji ukiwa umeshika uzi kwa mkono, isiguse chini wala pembeni, na uhakikishe hakuna povu limeng'ang'ania. Mizani itasoma namba ndogo, kwa rupia ya kweli itakuwa kama 1.13. Ikisoma 1.30 hiyo ni shaba na nikeli, ikipita hapo labda ni shaba ya njano. Riale itasoma kama 2.75. Mkono ukitetemeka namba inacheza, kwa hiyo rudia mara tatu, na mimi huwa naegemeza kiwiko mezani. Kwa shilingi za simba kipimo hiki hakisaidii sana maana robo ya silva haileti tofauti kubwa kwenye maji, pale tumia mwaka na yale maneno ya India.

Hiyo yote ni bei ya chini, yaani sakafu, chini ya hapo usikubali kirahisi. Juu ya sakafu ndio kuna bei ya wakusanyaji, na hiyo inategemea vitu viwili: ziko ngapi duniani na yako iko katika hali gani. Shika ile rupia ya 1890 kwa ukingo, sio kwa uso, kaa karibu na dirisha asubuhi, angalia kwa lenzi au kamera ya simu. Manyoya ya yule ndege juu ya kofia yanahesabika au yamekuwa bapa? Mustachi una nywele au umekuwa kama kipande cha ugali? Upande wa pili, nywele za shingo ya simba zipo? Kwenye picha yako naona manyoya ya ndege yamelika juu lakini pembeni bado yapo, nywele za simba nusu, na ukingo mzima hauna kigongo. Hiyo tunaiita hali nzuri ya kati. Sio ya milioni 40, sio hata ya milioni moja, ila mkusanyaji atalipa juu ya silva yake mara kadhaa, na ndio maana sitaki iende kwenye moto wa sonara.

Hali inavyouma niliiona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa Kibosho aliniletea hapa Arusha rupia mbili, namaanisha ile sarafu moja yenye thamani ya rupia mbili, ya 1893. Hizo zilipigwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, ni adimu, mimi mwenyewe nimezishika chache sana. Mikono ilinitetemeka nikiifungua ile karatasi. Ndani nikakuta sarafu nyeupe kama sufuria mpya, ameisugua kwa stilwaya usiku kucha ili "mzungu aipende". Chini ya lenzi ilikuwa mikwaruzo mitupu, uso wa Kaisari umejaa mistari kama shamba lililopitishwa haro. Tulipata mnunuzi, lakini kwa chini ya nusu ya ambayo angepata kama angeniletea ikiwa nyeusi vile vile ilivyotoka kwenye mtungi wa babu yake. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu akaniuliza, "kwa hiyo nimejilipua mwenyewe?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kujua wengine wanalipa ngapi, ingia Numista, tovuti ya wakusanyaji wa sarafu, ni bure, tafuta nchi, mwaka na herufi, linganisha picha. Kisha angalia minada ya mtandaoni, lakini angalia zilizouzwa na sio zilizotajwa bei. Mtu yeyote anaweza kutundika rupia kwa dola elfu 50, haimaanishi kuna aliyenunua, na picha hizo za bei za ndoto ndizo hao wa "milioni 40" wanazokuonyesha kwenye simu. Mtu akikutajia pia ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916, ipo kweli na ni ghali kweli, ila nakala zake zimejaa, usinunue kwa mtu wa njiani.

Kuhusu kuuza: familia ikae kwanza mkubaliane nani anashika na mnagawanaje, andikeni, maana nimeona ndugu wakikosana kwa sarafu tatu. Shilingi za simba na riale mnaweza kuuza huku huku kwa kulinganisha masonara wawili watatu, mkienda na hesabu yenu mkononi. Zile za kampuni msiharakishe. Mnunuzi akiwa mgeni anayetaka kuzitoa nje ya nchi, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kaulizeni kwanza Idara ya Malikale kabla ya kutuma kitu, na malipo myafanyie ndani ya benki. Kwa kuhifadhi, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi kavu. Ile mifuko laini ya plastiki inatoa ute wa kijani unaokula sarafu, na kopo la Kimbo nalo lina kutu, zitoeni humo leo.

Ukishapima kwenye maji nitumie namba za zile rupia tano, na picha ya ukingo wa ile ya 1890 uizungushe taratibu uipige mara nne, halafu ile ya 1904 kwenda mbele yenye alama ya kukwaruzwa karibu na mwaka, isogeze zaidi nisome kama herufi ni A au J, kwenye picha uliyonitumia kivuli cha kidole kimeifunika.